Nyasi za Syokau Chini ya Mabati ya Mulei

Ukiuliza watu wa Kwa Vonza nyumba ya kwanza kung'aa hapo kwao ilikuwa ya nani, watakwambia bila kufikiria: ya Mulei wa Syokau. Ilikuwa inaonekana kutoka barabarani, na jua likiipiga ungedhani kuna mtu ameanika kioo juu ya kilima. Lakini kitu watu hawasemi ni kwamba Mulei mwenyewe alikuwa hajui hiyo nyumba. Aliijenga akiwa mbali, na akija Krismasi alikuwa analala siku zake chache halafu huyo, amerudi kazini.

Kazi yake ilikuwa kuvunja mawe. Kule upande wa Athi River, yale mawe ya kujenga majumba za Nairobi, yeye na wenzake ndio walikuwa wanayatoa ardhini na nyundo. Aliingia hapo kijana, miaka ya sitini hivi, akasema atatoka akiwa na nyumba. Na kitu alikuwa anatamani zaidi, alimwambia bibi yake Nzilani mara nyingi, ni kulala chini ya mabati yake siku mvua inanyesha. Asikie tu ile kelele. Mvua ikija yeye yuko kwa mawe. Akifika nyumbani, mvua imeshaenda. Kila mwaka hivyo hivyo.

Mabati yenyewe ililetwa na mwethya. Mwethya ni kile kikundi cha kusaidiana: leo tunakulimia wewe, kesho mtanilimia mimi. Miaka ya sabini wamama wakaanza kuchanga pesa na kununuliana mabati kwa zamu, mchango wa Nzilani ukitoka kwa mshahara wa Mulei, na zamu ya Nzilani ilipofika, walikuja nayo kichwani wakiimba, mwenyekiti wao Kaluki akiwa mbele, sauti yake inasikika mpaka mtoni. Siku hiyo fundi Musyoka alipigilia msumari wa mwisho, wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Na kulikuwa na sheria, hakuna mtu aliiandika lakini kila mtu aliijua: kitu mwethya imeinua, mtu mmoja hashushi.

Sasa shida. Musyoka alikuwa fundi mzuri wa nyumba za nyasi, na nyumba ya nyasi unaijenga chini, kuta fupi, dirisha kama jicho la kuku, ndio joto isiingie. Alijenga ya Mulei vile vile alijua, halafu akafunika mabati juu. Hakuna dari, hakuna pa hewa kutokea. Ikawa ni sufuria imefunikwa.

Nzilani alijua hiyo wiki ya kwanza tu. Ikifika saa tano asubuhi, huwezi kuingia huko ndani ukakaa. Siagi kidogo ya kujipaka aliacha dirishani, akarudi akakuta ni mafuta. Lakini angemwambia nani? Ukisema mbele ya watu wamelala kwa nyasi kwamba mabati ina joto, watasema, "Aii, Nzilani ameanza kuringa. Sasa joto ya mabati ndio shida yake!" Na mbele ya wale waliokununulia ndio huwezi kabisa. Kwa hivyo alinyamaza. Mchana alikuwa anashinda kwa mama mkwe wake, Syokau, ambaye nyumba yake ilikuwa hapo kando tu, ya nyasi, ya zamani, nyeusi ndani kama chungu.

Ndani ya hiyo nyumba moto haukuwa umezimika tangu Syokau aolewe. Jioni anaufunika na jivu, asubuhi anaufunua, anaweka kuni moja, unaamka. Na hapo kuna kitu Nzilani alikuja kukielewa polepole sana: ule moshi ndio ulikuwa unalinda paa. Ulikuwa umepanda miaka yote, ukaingia kwa kila unyasi, ukazifanya chungu. Mchwa hazigusi. Wadudu hawatoboi. Moto wa kupasha watu joto mwezi wa saba ndio huo huo ulikuwa unatunza nyasi za kuwapoza mwezi wa pili.

Mulei alirudi themanini na nne, mwanzoni mwa mwaka, ule mwaka wa ukame. Hakurudi kama mtu wa likizo. Aliteremka barabarani na sanduku lake, akakaa juu yake, na Nzilani alipofika mbio kumpokea akamkuta bado anatafuta pumzi.

"Mama Mbinya," akamwambia, Mbinya ni binti yao wa pekee, aliyekuwa ameolewa upande wa mji wa Wote, "hii barabara waliiongeza urefu?"

"Ni ile ile, Baba Mbinya."

"Basi ni mimi nimefupishwa."

Alijaribu kucheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Huko hospitali ya Kitui daktari alisema wazi. Vumbi ya mawe imekaa kwa kifua na haitatoka. Hakuna sindano ya hiyo. Akae mahali hakuna moshi, hakuna vumbi, pasiwe na joto sana wala baridi sana. Nzilani alisikiza yote, akaitikia na kichwa, na njiani kurudi akawa anajiuliza moyoni: hapo mahali ni wapi? Mwaka huu, Kwa Vonza hii, hapo ni wapi?

Mulei hakuwa na swali. "Nipeleke kwa nyumba yangu," akasema.

Akalala kitandani kwake akiangalia juu. Asubuhi ilikuwa sawa. Saa nne mabati ikaanza kulia, ta! ta!, vile huliaga ikipanuka na jua. Saa sita shuka lilikuwa limelowa, na Mulei mdomo wazi, anavuta hewa kama mtu anavuta kamba kutoka kisimani. Nzilani akampepea na ungo mpaka mkono ukafa ganzi.

"Twende kwa mwaitu," akamwambia. Mwaitu ndiye mama, Syokau.

"Hapana."

"Ni mchana tu."

"Nimejenga nyumba, Mama Mbinya. Sitarudi kwa mama kama mtoto amejikojolea."

Lakini saa nane aliinuka mwenyewe, bila kusema kitu, akashika bega la bibi yake, wakaenda.

Huko kulikuwa na ubaridi kama wa ndani ya mtungi. Shida ikawa ule moshi. Alikohoa mpaka akapiga magoti. Na hapo Syokau, yule mama mzee mwenye mgongo wa kuinama, akachukua kibuyu cha maji, maji yenyewe ya kubebwa kutoka mbali mwaka huo, akamwagia moto wake. Mawe matatu ya mekoni yakatoa mvuke, shhhh, halafu yakawa mawe tu.

"Mwaitu, umefanya nini?" Mulei akauliza.

"Moto huwashwa tena," Syokau akasema. "Mtoto je?"

Haikusaidia. Kuta zenyewe zilikuwa zimekunywa moshi miaka mingi, zinaupumua bila moto. Masizi yalikuwa yanaanguka moja moja usoni kwake. Wakajaribu nje, kivulini kwa mti, upepo wa ukame ukaleta vumbi ya shamba tupu, na vumbi ndio adui mkubwa. Akarudi chini ya mabati yake. Angalau huko, alisema, atakufa akionekana kutoka barabarani.

Huo ndio mzigo Nzilani alibeba huo mwaka. Hakuwa anaomba mume apone, daktari alishamwambia. Alikuwa anataka tu kitu kimoja: Mulei alale mchana, usingizi wa kweli, ndani ya nyumba aliyoilipia na kifua chake.

Mwezi wa saba ukaja na shida ya upande mwingine. Mabati haijui katikati. Jua likienda, joto inaruka yote, na alfajiri matone ya umande yalikuwa yanaanguka kutoka juu ndani ya nyumba, baridi, tap, tap, juu ya blanketi. Mulei akitetemeka hakohoi vizuri, anakwama. Basi jioni moja Nzilani akawasha jiko la makaa nje, moshi ukaisha, makaa yakawa mekundu safi, akaliingiza ndani. Na kwa sababu alitaka joto isipotee, akaziba dirisha na gunia, akafunga mlango vizuri. Alijiona amefanya akili.

Asubuhi Syokau aliita, hakuna wa kuitika. Aliita tena. Huyo mzee ambaye huwa anatembea akishika ukuta alisukuma ule mlango na bega mpaka ukafunguka. Akawakuta wawili macho nusu, vichwa vizito kama mawe, Nzilani hawezi hata kusema jina lake. Akawavuta mpaka mlangoni mmoja mmoja, usiulize alitoa nguvu wapi.

Walipopata akili, aliwakemea mpaka kuku wakasimama kusikiza.

"Makaa unalala nayo mlango umefungwa? Nani alikufunza? Moshi una adabu, unakukohoza ujue uko. Makaa hayana adabu! Yanakula hewa yako kimya kimya, halafu yanakula wewe!"

"Nilikuwa nataka joto, mwaitu," Nzilani akasema akilia.

"Joto iko njia nyingi."

Ile njia ya Syokau ilikuwa jiwe. Unaweka jiwe motoni tangu mchana, jioni unalitoa na majani ya mkonge, unalifunga na leso kuukuu, unamwekea mgonjwa miguuni ndani ya blanketi. Halitoi moshi, halili hewa, na joto yake inakaa mpaka jogoo.

Alipoletewa la kwanza, Mulei aliligusa na kidole cha mguu, akamwangalia mama yake.

"Mawe tena, mwaitu?"

"Mawe yana deni yako kubwa," Syokau akasema. "Wacha hili moja lirudishe."

Mulei akacheka, na mara hiyo kicheko hakikugeuka. Halafu akataka kuona hayo mawe mengine. Nzilani alikuwa ameokota mtoni, laini, mazuri ya kuangalia. Mulei akaligonga moja na lingine karibu na sikio, akalirusha mlangoni. "Hili limekunywa maji, litapasuka motoni likupige jicho." Akagonga lingine, akarusha. Akamtuma kilimani, akamwelezea rangi na uzito. Tangu siku hiyo kazi ya kuchagua mawe ikawa yake, alikuwa anayapanga kando ya kitanda kama mtu na mbuzi zake, na hakuna hata moja lilipasuka. Hivyo ndivyo baridi ilipita.

Lakini joto. Mwezi wa tisa joto ilirudi na hasira, na ukame ulikuwa umemaliza kila kitu. Hakukuwa na nyasi Kwa Vonza, Migwani, popote. Watu walikuwa wanapanda juu ya nyumba zao wanang'oa paa wanapea ng'ombe. Unapita kwa boma ya mtu unakuta nyumba iko uchi, na ng'ombe wake anatafuna hilo paa, taratibu, macho yamefungwa.

Nzilani naye alikuwa na ng'ombe mmoja wa mwisho, mbavu unazihesabu ukiwa mbali. Siku moja aliomba Syokau ruhusa, akang'oa mkono mmoja wa nyasi pembeni ya ile nyumba nyeusi, akampelekea. Ng'ombe akanusa. Akageuza kichwa. Nzilani akamsukumia mdomoni, ng'ombe akarudi nyuma hatua kadhaa, akapiga chafya.

"Hata yeye amekataa," Nzilani akasema, akataka kulia.

"Atakula aje moshi?" Syokau akauliza kutoka mlangoni. "Hizo zitanizika mimi, zizike na wewe."

Nzilani akasimama na zile nyasi mkononi. Mchwa hazili. Ng'ombe hali. Ziko na ubaridi. Akaangalia mabati inavyowaka hapo kando, akasikia kikohozi kutoka ndani, na wazo likamwingia mzima mzima.

Kwanza aliliwaza vibaya. Alimwambia Mulei atafunika mabati juu na nyasi.

"Juu?" Mulei akainuka na viwiko. "Juu, ionekane wapi sasa?"

"Itakupoza."

"Mama Mbinya. Mimi hiyo mabati nimeikohoa. Hiyo ndio kitu niko nayo. Watu wakipita waseme nini, Mulei amerudi nyasini? Nikifa, funika hata na mavi ya ng'ombe. Nikiwa hai, ing'ae."

Nzilani alitoka nje akakaa chini ya ukuta, akasikia ta! ta! ya mabati juu ya kichwa chake. Na kwa kuwa Kwa Vonza maneno hayakai kwa nyumba, kesho yake Kaluki alikuwa amefika, leso imefungwa kiunoni kwa vita, na wamama wawili nyuma yake.

"Nzilani! Nimesikia unataka kushusha mabati ya mwethya."

"Sijasema kushusha, mwenyekiti."

"Kufunika! Ni hivyo hivyo! Tulikuvua nyasi sisi na mikono yetu, wengine walikuwa bado hawajapata zamu yao, wakangoja wewe upate. Leo unazivaa tena? Unatuambia tulikuletea takataka?"

"Mwenyekiti, mgonjwa..."

"Wagonjwa wako kila nyumba! Sheria ni gani? Mwethya ikiinua?"

Wale wamama wawili wakaitikia chini kwa chini, "Mtu mmoja hashushi."

Nzilani alikuwa amevumilia mwaka mzima, lakini hapo kitu kilikatika. Hakupiga kelele. Alishika mlango akaufungua wote.

"Ingia," akamwambia Kaluki. "Ni saa saba. Ingia ukae na Mulei, unisaidie kumpepea. Ukiweza kukaa mpaka huu uji wake hapa mlangoni upoe, sitafunika."

Kaluki akaingia kwa kiburi. Wakamsikia akisalimia, "Mulei, unaendeleaje?" Wakasikia Mulei akianza kujibu, akikatika, akianza tena. Hata uji ulikuwa bado unatoa mvuke wakati Kaluki alitoka, uso unatiririka, leso ameifungua anajifuta nayo shingo. Akakaa kwa stuli iliyokuwa mlangoni. Hakuangalia mtu.

"Huwa inamfanya hivyo kila siku?" akauliza.

"Kila siku."

Kaluki akakaa hapo. Akasonya kidogo, kama anajisonya mwenyewe.

"Wacha niwaambie kitu na mtu asicheke," akasema. "Mimi yangu nilipata mwaka uliopita, si ndio? Sijawahi kukaa ndani mchana. Nashinda chini ya ghala na kuku. Nikisikia mgeni nakimbia naingia kwa nyumba naketi kitini, ndio anikute ndani."

Mmoja wa wale wamama akaweka mkono mdomoni. Halafu akasema, sauti ndogo, "Mimi huwa nasema naenda kuangalia mbuzi." Na yule mwingine akacheka kwanza, wote wakacheka, kicheko cha uchungu hivi, kwa sababu miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa anaungua peke yake akidhani wengine wanafurahia, na kulalamika ni kuringa.

Ni kutoka ndani Mulei akasema, pumzi fupi fupi: "Kama mmemaliza kucheka... chini."

"Anasema nini?" Kaluki akauliza.

"Nyasi. Wekeni chini ya mabati. Ndani. Juu... ing'ae."

Wakaangaliana. Ilikuwa rahisi hivyo, na hakuna aliyekuwa ameiona.

Lakini nyasi ni zipi? Mwaka huo, Ukambani yote, nyasi ambazo hazikuwa zimeliwa ni zile tu za Syokau. Nzilani alikuwa anajua atakwenda kuomba nini, na miguu ilikataa. Humwombi mama mzee paa lake. Mtu wa umri ule, nyumba yake ndiyo mwili wake wa pili. Alimkuta ameketi karibu na moto wake, ule aliowasha tena baada ya Mulei kushindwa kukaa hapo.

"Mwaitu," akaanza.

"Nimesikia. Kaluki akiongea hata wafu wanasikia." Syokau akaweka kuni moja. "Unajua kwa nini sikuwa naacha huu moto uzimike?"

"Kwa sababu ya paa."

"Mama mkwe wangu aliniambia, tunza moto, paa itakutunza. Sikuuliza itanitunza aje." Akaangalia juu, kule kweusi. "Mulei alizaliwa chini ya hizo. Zinamjua. Zitoeni."

"Na wewe utalala wapi?"

"Si nina nyumba ya mabati ya mtoto wangu? Nitalala huko na mimi nionekane kutoka barabarani."

Mwethya ilikuja alfajiri, yote. Mulei walimbeba na kitanda chake mpaka kwa Kaluki, chini ya lile ghala, mbali na vumbi. Kaluki akamwambia, "Karibu kwa sebule yangu. Hao kuku ni wageni wa heshima, usiwafukuze."

Musyoka alikuja na patasi bila kuitwa, akachungulia ndani, akatikisa kichwa juu ya kazi yake mwenyewe. Akatoboa mashimo juu kabisa kwa ukuta, pande zote mbili, chini ya pembe ya paa, joto ipate mlango wa kutokea. Wakapitisha fito kutoka ukuta mpaka ukuta, wakafunga na kamba ya mkonge. Wamama wengine walishona magunia yakawa kitambaa kimoja kikubwa, wakayapaka chokaa mpaka yakawa meupe, wakayatandaza juu ya fito yashike masizi yasimwangukie mgonjwa. Halafu zikaja nyasi. Zilipita mkono kwa mkono, fungu kwa fungu, kutoka nyumba moja hadi nyingine, na mikono yote ikawa nyeusi. Wakazilaza juu ya magunia, nene, wakaacha nafasi kati yake na mabati ili hewa ipite. Kawaida mwethya huimba. Siku hiyo hawakuimba. Syokau alikuwa ameketi uani anaangalia fito za nyumba yake zikibaki zenyewe, na kila mtu aliyepita na fungu alikuwa anapita mbele yake polepole kidogo.

Wakafagia, wakanyunyiza maji, wakangoja vumbi ilale. Kesho yake wakamrudisha Mulei.

Saa tano ikafika. Mabati ikalia ta! ta!, lakini kwa mbali, kama kwa jirani. Nzilani alikaa na ungo wake magotini, tayari. Saa sita. Mulei alikuwa ameangalia ile dari nyeupe, halafu macho yakawa yanafunga, yanafunguka, yanafunga. Nzilani akaona kifua kinapanda na kushuka bila kupigana. Akaogopa, akaweka mkono hapo. Alikuwa amelala. Mchana, kwake, amelala. Nzilani akaweka ungo chini pole pole asifanye sauti, na akakaa hivyo hivyo mpaka jua likageuka, kwa sababu hakutaka kukosa kuangalia.

Syokau alikuwa anaendelea kupika kwake. Nyumba bila paa, moto ndani, moshi unapanda moja kwa moja mpaka mbinguni, wapita njia wanashangaa. Alikuwa hapo, chini ya fito tupu, jioni ile mvua ilifika, mwezi wa kumi na moja. Tone la kwanza liliingia kwa jivu. Nzilani akakimbia na sufuria kuokoa makaa, Syokau akamshika mkono. "Wacha. Tumengoja mvua mwaka mzima, sasa tuifukuze? Moto huwashwa tena." Wakasimama wawili wakilowa, wanaangalia mekoni ikizimika.

Halafu Nzilani akakumbuka Mulei.

Alimkuta macho wazi, kichwa ameelekeza juu.

"Inanyesha?" akauliza.

"Inanyesha, Baba Mbinya. Inanyesha sana."

Wakasikiza. Mvua ilikuwa inapiga mabati na nguvu zake zote, lakini kupitia zile nyasi ilifika chini laini, shaa, shaa, bila ile kelele. Nzilani akaangalia ile dari. Miaka yote hii. Mtu ametamani sauti moja tu, na yeye ndiye ameiziba.

"Nitoe magunia hapo pembeni?" akauliza haraka. "Dakika moja tu. Nitoe nyasi kidogo, usikie vile ulikuwa unataka."

Mulei alikuwa bado anasikiza.

"Wacha," akasema. "Hii naijua. Hii ni mvua ya kwa mwaitu."

Akafunga macho. Syokau akaingia akiwa amelowa, akakaa miguuni pake, mahali pa jiwe.

Mulei aliondoka kabla mahindi ya hiyo mvua yatoe mbelewele, mchana, akiwa amelala. Wakamzika pale pale kando ya nyumba, na siku ya mazishi jua lilikuwa kali na mabati iling'aa mpaka watu wakiwa barabarani walikuwa wanafunika macho.

Nyasi ziliota mwaka huo kama zinaomba msamaha. Mwethya ikakata, ikamwezekea Syokau paa mpya, ya kijani bado, inanuka shamba. Aliwasha moto siku hiyo hiyo. Na nyumba za mabati za Kwa Vonza, moja baada ya nyingine, zikapata mashimo juu ya ukuta na magunia ya chokaa ndani, ya Kaluki ikiwa ya kwanza. Nyasi changa kwanza zilitundikwa mekoni kwa mtu misimu kadhaa, ziive na moshi.

Syokau alikufa miaka ile ya tisini ikianza. Nzilani naye nywele zilikuwa zimeingia mvi. Mbinya akija kutoka Wote alikuwa anamkuta mama yake asubuhi kwa ile nyumba ya nyasi, hakuna mtu anaishi hapo, hakuna sufuria mekoni, na moto unawaka, moshi unapanda.

"Mama, twende kwa nyumba nzuri. Hapa unampikia nani?"

Nzilani alikuwa anasukuma kuni ndani kidogo, anaangalia juu, mahali nyasi zilikuwa zimeanza kuwa kahawia, bado kuwa nyeusi.

"Napikia paa," alikuwa anasema. "Bado hazijaiva."